Koti la Msibani

Gelasius alitufikia darajani akihema, amevaa koti lake jeusi la misibani, kofia kaishika kifuani.

"Nani ametutoka?" akaninong'oneza.

Tulikuwa wanawake kumi na watatu, kanga kiunoni, mikono mitupu, jua ndiyo kwanza linachomoza. Hapa Ushirombo, wanawake wakiongozana hivyo bila jembe wala ndoo, kuna msiba. Mtu hufuata kwanza, kuuliza baadaye. Na mume wangu hakuwahi kukosa msiba.

Alichokikataa ni mazoezi. Miezi miwili kabla, alikanyaga kaa la moto jikoni, harufu nikaisikia mimi. Yeye hakuhisi kitu. Zahanati walimpima wakakuta sukari ya damu imepanda hadi kumi na tisa. Muuguzi Rhoda, aliyeanzisha kikundi chetu cha kutembea, alimwambia waziwazi kwamba mguu ule unaweza kukatwa.

"Nitembee bila pa kwenda?" alicheka. "Mimi mwehu?"

Kaka yake Donatus alikatwa mguu Januari kwa sukari hiyohiyo, tukamzika kabla ya Pasaka. Kila jioni nilimwosha Gelasius kile kidonda, nikimkumbuka Donatus. Kidonda kilipofunga, Rhoda alimruhusu kutembea, lakini mbishi wangu hakutoka kitini.

Na sasa, siku ya kwanza kikundi chetu kutoka, alikuwa ametembea kilomita mbili! Nilipaswa kumwambia ukweli.

"Twende tu, Baba Jenifa," nikasema. "Ni hapo mbele."

Rhoda aliuficha uso kwenye kanga.

Nyumbani kwake hapakuwa na turubai wala kilio. Palikuwa na mizani, na sufuria la uji wa mtama usio na sukari. Gelasius aliitazama mizani, akanitazama mimi. Nilijua ananifokea sasa hivi, mbele za watu. Akavua koti, akalikunja taratibu, akaketi.

"Haya, nipeni huo uji wenu."

Kesho yake alilivaa tena lilelile, asije akaonekana mzururaji. Huu ni mwaka wa nne. Ugali tumeupunguza nusu, mlenda tumeuongeza, sukari yake inacheza kwenye saba. Mguu haukurudisha hisia zote, lakini upo, na kila jioni naukagua, naye hulalamika kwamba namtekenya.

Juzi tulipita dukani kwa Cornel, mgeni hapa mjini. Alipoliona lile koti alivua kofia, akasimama.

"Poleni sana. Msiba wa nani?"

Gelasius hakupunguza mwendo.

"Ulikuwa wangu," alisema. "Tumeuahirisha."