Shikamoo ya Mkono

Mama Hansa alitoka India na masanduku mawili. Moja lilijaa zawadi za Diwali, sikukuu yao ya taa. La pili lilikuwa tupu kabisa, ukiligonga linalia kama debe, na Zita alijua ni la nini. Ni la kubebea vitu vya Madam Pallavi.

Madam Pallavi alikuwa binti yake. Alifundisha hesabu shuleni kwa kina Zita, hapo Katesh, mwaka wa tatu sasa, na alipanga chumba uani kwao. Jioni ile mama yake alipofika, alikagua chumba, jiko la mkaa na ndoo za maji, kisha akasema maneno marefu kwa Kigujarati.

"Amesemaje?" Zita aliuliza kwa sauti ya chini, maana hata darasani alikuwa anajibu akiangalia dawati.

"Anasema nimekonda. Anasema hapa mimi ni mgeni tu, nikiugua nani atanijua? Diwali ikiisha, turudi wote." Madam akacheka, lakini kitambaa alichoshika alikuwa amekisokota mpaka kimekuwa kamba. "Kesho nataka nimtembeze, aone kwangu. Twende kwa bibi yako Endasak. Utatupeleka?"

Zita aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake, Jumamosi, siku yenyewe ya sikukuu, wakachukua bodaboda mbili. Mama Hansa alipanda iliyoendeshwa na Festo, akakaa upande na sari yake ya rangi ya embe bivu.

"Mama, nishike mimi, usishike mlima!" Festo alipiga kelele, maana mama wa watu alikuwa amegeukia Mlima Hanang mpaka karibu aanguke.

Njia nzima Madam, akiwa na Zita kwenye ile ya pili, alionyesha vitu kama mtu anayeonyesha shamba la baba yake. Shule yangu ile! Pale wananikamulia mafuta ya alizeti! Yule ndiye fundi wangu wa viatu! Mama Hansa alitazama kila kitu.

Endasak walimkuta Bibi Marieta mlangoni, anapepeta mbaazi. Zita akaamkia, Madam akaamkia, bibi akaitikia. Ikabaki zamu ya Mama Hansa. Alimwona bibi ni mkubwa kwake, basi akainama chap, akamgusa miguu yote miwili.

"Yesu wangu!" Bibi akaruka. Ungo ukamponyoka, mbaazi zikatawanyika, kuku wakaja mbio. Akainua yeboyebo yake akaichungulia chini. "Nimekanyaga nini? Zita, mwambie aache, miguu yangu ina vumbi! Kwani leo ni Alhamisi Kuu, hata nioshwe miguu?"

Mama Hansa alibaki ameinama, mkono hewani. Maneno hakuyaelewa, ila uso wa bibi aliuelewa vizuri. Madam naye aliiva uso, Kiswahili chote kikamkimbia.

Zita aliliona lile sanduku kama limefunguliwa pale pale uani, linangoja vitu vya Madam. Akasubiri mtu mkubwa aseme. Hakuna aliyesema.

"Bibi," akaanza, akiangalia mbaazi chini, "hajakosea. Amekuamkia. Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha, shikamoo maana yake nashika miguu yako. Sisi tunasema tu. Wao wanashika."

Bibi akamtazama Zita, akatazama miguu yake, akamtazama mgeni.

"Kumbe! Miaka yote hii naitikia marahaba, na hakuna hata mmoja wenu aliyenishika! Mmekuwa mnanidanganya!" Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Mama Hansa. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Madam akatafsiri yote, haraka haraka. Mama Hansa alisikiliza, mkono wa bibi ukiwa bado kichwani, kama mtoto anayeombewa. Kisha akafuta macho, akachuchumaa na sari yake nzuri, akaanza kuwanyang'anya kuku mbaazi. Alizijua. Ndizo anazopika kwake kila siku.

"Huyu si mgeni," bibi akasema. "Mgeni hagombani na kuku wangu." Akamjazia mfuko.

Wakati wa kurudi walipishana na wanafunzi barabarani, makundi kwa makundi. "Shikamoo, madam! Shikamoo, mama!" Kila kundi, Mama Hansa alimvuta Festo shati apunguze mwendo, akahesabu kwa vidole. Vidole vikamwishia kabla ya kufika Katesh.

Waliposhuka akauliza kitu.

"Anauliza, ni shule nzima mnaniamkia hivyo?" Madam akasema.

"Shule nzima," Zita akajibu, na safari hii alimtazama Mama Hansa usoni. "Tuko mia saba na kumi."

Jioni walipanga vifuniko vya soda barazani, wakatia mafuta ya alizeti na tambi za pamba, wakawasha. Nyumba ikapendeza, majirani wakasimama kuangalia. Ndipo Mama Hansa akalivuta lile sanduku tupu. Zita akaacha kuwasha taa.

Mama akaingiza mfuko wa mbaazi, akaukandamiza, akafunga zipu. Akasema maneno machache. Madam alicheka mpaka akakaa chini.

"Anasema, mtu aliyeshikwa miguu na watoto mia saba, yeye atamvuta kwa nguvu gani?"

Kisha Mama Hansa akamgeukia Zita, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akasema kwa sauti kubwa neno lake la kwanza la Kiswahili:

"Marahaba!"

Zita alikuwa hajaamkia bado. Ikabidi ainame upesi.