Sauti ya Sayyida

Dada yangu Sayyida aliisogeza simu mdomoni kama mtu anayepuliza chai ya moto, akaibonyeza kwa kidole gumba, akasema: "Kamwambieni huyo bwana wa televisheni, Maram ana kwao. Kazaliwa Maskati, kalelewa Al Khoudh, na mamake ni mie, Sayyida. Nimemzaa na simkani." Akaachia kidole. Sauti ikaruka hadi kwenye kundi la ukoo wetu la WhatsApp kabla sijawahi kuinuka kitini.

"Weye, una akili kweli? Ifute!"

"Kundi letu hilo, Bakhita. Tena kwa Kiswahili. Nani atafahamu?"

Hayo ndiyo maradhi yetu sisi Waomani tuliotoka Unguja. Kiswahili ndicho pazia letu. Tunamsengenya muuza duka mbele ya macho yake, tunashauriana mahari na wakwe wamekaa papo hapo, na kwenye lifti za wizara kule Al Khuwair tunawachambua wakubwa zetu huku tukiwatabasamia. Pazia limetusitiri miaka na miaka hata tukasahau kwamba ni kitambaa tu.

Na wiki ile watu hawakuwa na khabari nyingine ila Maram. Alikuwa ameigiza mama mjane katika tamthilia ya mtandaoni, akaigiza barabara, watu wakalia. Kisha ukurasa mmoja wa umbea ukatoboa kwamba mwigizaji yule alizaliwa mwanamume. Basi tena! Waliomlilia juzi wakataka warudishiwe machozi yao. Kila mtu akawa mufti: huyu anasema nafasi ya mwanamke apewe mwanamke, yule anasema sanaa ni sanaa, na wengi hawakuwa na la kusema isipokuwa matusi. Jioni ile mtangazaji mmoja alicheka, akasema kiumbe kama huyo hana kwao wala mama wa kumdai. Hapo ndipo Sayyida aliponyakua simu.

Sikumpigia kelele kwa kuona haya. Nilimpigia kwa hofu. Maram ndiye Nawar wetu, na Nawar alikuwa aje Jumapili. Babake, Thani, figo zimemkataa, na madaktari walishatwambia tumrudishe nyumbani tumstareheshe. Yeye ndiye aliyemfukuza mtoto, na yeye ndiye sasa aliyekuwa akimwita. Nawar alikubali kukata nywele, kuvaa dishdasha, kanzu ya wanaume wa kwetu, na kofia, na kupita uwanja wa ndege kwa pasipoti ya zamani, awe yule kijana wa Thani ambaye ukoo mzima uliambiwa anasoma nje. Aliyejua kwamba hao wawili ni mtu mmoja ni mimi, mamake na kakake Badr, basi. "Nitavaa hata gunia, mama mdogo," aliniambia. "Nimuone tu."

Asubuhi yake sauti ya Sayyida ilikuwa mtandaoni, na chini yake maandishi ya Kiarabu, neno kwa neno. Nani aliyeitoa sijui, na nikimjua, Mungu anisamehe kwa nitakayomfanya. Kufikia alasiri picha ya Nawar ya shule ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa ya Maram, na jina la babake, na la kabila letu.

Badr aliingia na funguo za gari bado mkononi. "Mama, umetumaliza."

"Nimesema uongo gani?"

"Hujasema uongo. Ndo ubaya wenyewe huo."

Kisha Nawar akapiga. Sayyida aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, nimekusikia," alisema, akilia na kucheka kwa pamoja. "Miaka yote hii nilikuwa nikingoja uyaseme hayo."

"Basi njoo, mwanangu."

"Nije vipi? Sura yangu imo katika kila simu. Nikishuka uwanjani, kwa baba sitafika. Watanipeleka kwengine."

Sote tulijua kwengine ni wapi. Sheria ya kwetu haina mzaha na mambo hayo.

"Nnakanusha," alisema Sayyida upesi upesi. "Nnasema nilikuwa na homa, nimechanganyikiwa, wala simjui huyo Maram. Nnasema sasa hivi!"

"Hawatakuamini," alisema Nawar. "Usikane, mama. Niachie hilo moja."

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Dada yangu aliketi sakafuni.

Jumapili, siku ya kazi kwetu Maskati, Thani aliomba anyolewe ndevu, akataka ubani. Tulimfanyia yote, maana nani angethubutu kumwambia kwamba Nawar haji tena? Alipouliza kama ndege imeshashuka, Sayyida alisema imeshashuka, barabara kuu tu ina foleni.

"Saa za watu wa wizara kutoka kazini hizi," alisema Thani. Kisha akatuita karibu. "Munadhani sijui. Ile tamthilia nimeitazama, kwenye simu ya Badr. Yule mjane, anavyojifuta machozi kwa ncha ya mtandio, ni mama yangu mtupu. Mama yangu, Mungu amrehemu! Nililia peke yangu hapa."

Sayyida akafunika mdomo kwa kiganja.

"Nimpigie, shemeji?" nikaharakisha, tayari nikitafuta namba. "Umwambie hayo hayo sasa hivi, kwa mdomo wako. Nakushikia simu."

"La. Kwa simu nilimfukuza. Hili nitamwambia usoni." Akanikazia macho yake yaliyovimba. "Na usinitangulie, Bakhita. Niapie."

Nikaapa. Nje gari la jirani likapunguza mwendo.

"Katazame, Sayyida," alisema Thani, akijaribu kujiinua juu ya mto. "Mfungulie mtoto mlango."

Dada yangu akasimama, akajitengeza mtandio, akaenda kuufungua mlango.