Mistari Iliyorukwa

Hasira yangu kwa Kiarie, bosi wetu, ilianza siku aliponizuia kufanya kazi vizuri. Nilikuwa naandika chombo cha kusoma programu ya kampuni na kutengeneza faharasa: kila fankshoni, yaani kipande chenye kazi moja, iko wapi na inaitwa kazini na vipande gani. Programu yetu huendesha mabomba ya maji, na ina mistari ya masharti inayoanza na alama ya #. Kama mita ni mpya, soma hapa. Kama ni ya zamani, soma pale. Nilitaka chombo kisome pande zote mbili.

"Soma mita mpya tu," Kiarie akasema. "Hizo za zamani nani anatumia, Lenah? Demo ya kuonyesha wateja ni kesho."

Nilimwambia wakaazi wa mtaa wa Kambi Muru wanazitumia. Akacheka, yeye na ploti zake za kupangisha za Kawangware 46, zenye matangi juu ya paa yasiyokauka.

Basi chombo kikaruka upande wa mita za zamani. Kiarie akaagiza kila fankshoni isiyoitwa ifutwe. Mwenzangu Boaz alipotafuta ile ya kufungua vali za mita za zamani, chombo kikamjibu kwamba haiitwi popote. Akaifuta. Asubuhi mabomba ya Kambi Muru yakagoma, na Boaz anaishi huko huko. Majirani wakajaa mlangoni kwake, wakisema amehongwa na wauza maji.

Nilirudisha fankshoni ile, kisha nikarekebisha chombo. Kiliposoma pande zote, kikaonyesha inaitwa mara nne. Nikampelekea Kiarie majibu hayo, nikidhani ataona aibu.

Aibu gani. Aliyachapisha majibu hayo, akamwekea mezani Seline, mwenyekiti wa wakaazi wa Kambi Muru, aliyekuwa amekuja ofisini kwetu Kawangware kulalamika.

"Unaona, mama? System ilisema inatumika. Boaz hakucheki. Leo anaenda home."

Kazi ya mikono yangu, anammaliza nayo mwenzangu.

"Mama Seline, hiyo karatasi ni ya leo," nikasema. "Jana ilikuwa inasema haiitwi. Huyu ndiye aliniambia niruke mita zenu. Alisema nani anazitumia."

"Lenah, chunga kazi yako."

Seline alimgeukia. "Na sisi ulituweka wapi?"

Seline akatoa simu, akawapigia waliokuwa mlangoni kwa Boaz.

"Mwacheni huyo kijana," akasema. "Mwenye makosa niko na yeye hapa Kawangware. Kujeni."

Kiarie alinitazama nimtetee. Nikavuta kiti, nikaketi upande wa Seline.