Mwanzo wa Ploti

Zachary mume wangu ana kichwa kigumu kuliko gogo la mkoma, na siku ile nusura kitubomolee nyumba.

Tangu mafuriko yabebe nyumba yetu ya kule chini, tumejenga vyumba viwili vya matofali huku juu, mwendo wa robo saa kutoka mtoni. Tumefika linta, juu ya madirisha. Zamani, ukitaka kibali cha ujenzi ulipeleka karatasi ofisini Garsen ukangoja. Sasa wamehamishia yote mtandaoni, na sisi tulioanza kujenga bila kibali tukapewa mpaka Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Ukipitwa, unapigwa X nyekundu ukutani, kisha tingatinga linakuja.

Ijumaa yenyewe, saa tisa na nusu, nilikuwa kwa Menza mwenye saiba, duka la kompyuta tunakojaziwa fomu.

"Ombi limekataliwa, Mama Christabel. Linasema mnajenga ukingoni mwa mto."

"Ukingoni? Mto umenifukuza, nirudi kwake kutafuta nini?"

Menza akanionyesha. Fomu ilimtaka mwenye ardhi asimame na simu yake mwanzo wa ploti, abonyeze, simu itume mahali alipo. Zachary alibonyeza Jumanne, miguu yake imo majini.

Nikaelewa papo hapo. Sisi Wapokomo ardhi yetu ni mkanda: inaanzia mtoni, inapanda hadi vichakani. Muulize mtu yeyote wa kwetu shamba lake linaanza wapi, atakupeleka majini. Mashine itayajulia wapi hayo?

Menza akajaza ombi jipya, akamtumia Zachary. Mimi nikampigia.

"Baba Christabel, nenda kasimame mlangoni pa nyumba mpya, ubonyeze tena."

"Hapo si mwanzo."

"Najua! Nenda tu."

"Baba alinishika mkono akanionyesha mwanzo wetu. Leo niseme uongo kwa sababu ya simu?"

"Wee Zachary! Na watoto walale wapi, ndani ya ukweli wako?"

Akakata simu.

Saa kumi na nusu netiweki ikapotea. Ikarudi. Nikampigia mara nne, hapokei. Nikamtukana mpaka Menza akaniletea maji. Ile X nilikuwa naiona waziwazi, pale karibu na dirisha.

Saa kumi na moja kasoro dakika tatu, skrini ikageuka kijani.

"Limepita!" Menza akasema. Nikapiga kigelegele, saiba nzima ikageuka kunitazama.

Nikarudi nyumbani nimejipanga. Siku hiyo angenisikia! Nikamkuta ameketi mlangoni pa nyumba mpya, simu iko chini mchangani, uso umelowa machozi. Miaka thelathini ya ndoa sijamwona akilia, hata mafuriko yalipotubebea kila kitu.

"Gladys," akasema, "nimemkana baba."

Nikaketi kando yake, nikamshika mkono.