Mshale Usio na Sumu

Mwaka wa sabini na sita, kabla uwindaji haujapigwa marufuku, nilimchukua jirani yangu Hamidi kutoka Ziwani tukaenda kuwinda nyika za upande wa Komarock. Bosi niliyemwendeshea lori alikuwa na ranchi huko, akaniruhusu swala mmoja tu.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa majivuno. Miaka sita Hamidi alikuwa akitualika Idd, mimi, mke wangu Mukai na watoto, tukila pilau mpaka tunalegeza mishipi. Mimi sikuwahi kumkaribisha hata siku moja. Nyama ya bucha ningenunua, lakini marehemu baba alinifunza kwamba mgeni wa heshima hulishwa windo la mkono wako. Basi Jumapili hiyo ya kuwinda ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mukai alikuwa amenunua hata sufuria mpya ili mgeni, akiwa Mwislamu, asitie shaka na vyombo vyetu.

Taabu ilikuwa mshale. Sisi Wakamba huupaka sumu. Hamidi akakataa katakata: nyama ya sumu hali, na tena lazima amchinje mnyama mwenyewe, angali hai.

Mnamo saa nne tukamwona dume amesimama hatua hamsini, ametupa mgongo kidogo. Nikavuta upinde. Nikimpiga moyoni, atakufa kabla Hamidi hajafika na kitambi chake na kisu chake. Nikimpiga pajani, bila sumu atakimbia na mshale wangu, akafe kwa maumivu tusikokujua. Baba angenilaani. Nikalenga moyo, nikashusha kwenye paja, nikarudi moyoni.

"Piga, Baba Kavata," Hamidi akanong'ona.

"Wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mwindaji si wewe?"

"Na mchinjaji ni wewe. Utafika saa ngapi na hilo tumbo?"

"Basi ngoja. Au piga tu. Hebu ngoja kwanza!"

Swala akageuza kichwa, akatutazama. Wakati huo ungeniuliza jina langu ningekosea. Nikalegeza uzi wa upinde, naye akaenda zake, hata mbio hakupiga.

Nikaketi kwenye nyasi, hasira na aibu zimenijaa, nisijue nimefanya vyema au nimekuwa mwoga.

"Haya," nikamwambia, "leo tena huli kwangu."

"Kwa nini nisile?"

"Utakula nini? Nyumbani kuna muthokoi tu, mahindi ya kukobolewa na maharagwe."

Hamidi akanikazia macho. "Miaka sita mke wangu Muhiba ananiuliza tumewakosea nini nyinyi, mbona mnakula kwetu na kwenu hatuitwi. Kumbe wewe ulikuwa unangoja swala?"

Nikaanza kumweleza habari za baba, na windo, na heshima, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutojielewa. Mwishowe nikamwomba aje siku hiyo hiyo, yeye na Muhiba, muthokoi ungali motoni.