Ukurasa wa Nyumbu

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi ya manyunyu, na baridi ya kuingia mifupani.

Nilifika kazini mapema, nikasali bandani huku nimemshika Nusa shingoni. Miaka minane mimi na mbwa huyu tumelinda maghala pamoja. Sasa macho yake yameingia ukungu, na daktari wa mifugo alikuwa njiani kuja kumchoma sindano ya mwisho.

Kwenye meza ya bosi kulikuwa na kitabu cha watoto kuhusu wanyama. Waliokitunga walikuja kumpiga Nusa picha, kilipotoka wakatuletea nakala. Ukurasa wake unasema mbwa wa kazi akizeeka hustaafu na kwenda kuishi na mlezi wake.

"Bosi, naomba nimchukue nyumbani. Hata kitabu kinasema hivyo."

"Nani kakusomea?"

"Nimesoma mwenyewe. Nasoma shule ya jioni."

Bosi akawaita walinzi wote. "Jamani, mama yenu siku hizi profesa. Akisoma ukurasa mmoja bila kukwama, mbwa wake."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, maana ukurasa ule wa Nusa nimeurudia mpaka naujua. Bosi akapekua kitabu, akaniwekea ukurasa wa nyumbu wanaohama.

"Soma huu. Au shule yenu ina ukurasa mmoja tu?"

Wakacheka. Nikaanza, kidole chini ya maneno. Nilifika mtoni, nikawapita mamba, nikafika pale nyumbu aliyechoka anapoachwa nyuma. Hapo neno moja refu likanigomea. Nikalirudia, likagoma tena.

"Taratibu, mama," mlinzi wa lango akasema. "Nyumbu wenzako wameshavuka, wewe bado unaoga."

Bosi akafunga kitabu. "Basi. Umekwama."

Daktari alipoingia, Nusa alinguruma, hakutaka kuguswa.

"Mshike wewe," bosi akaniambia. "Amekuzoea."

Nikapiga magoti nikamshika. Akatulia mara moja, akanilamba kiganja. Sindano ikaingia, na kichwa chake kikawa kizito mapajani mwangu. Nikaomba kwa sauti. Hakuna aliyeitikia amina.

Bosi akanikabidhi mnyororo.

"Usinune, mama. Yule mbwa jike wa lango la nyuma naye ameanza kuchechemea. Zamu yake ikifika nitakuita usome tena. Naahidi mbele ya hawa wote."