Sala Zilizopita Ukutani

Mama mkwe wa Msusi alipohamia kwao alikuja na sanduku la nguo, godoro lake mwenyewe na kengele ya mkono. Sanduku na godoro Msusi aliyapokea kwa moyo mkunjufu. Kengele ndiyo iliyomtia wasiwasi. Mama alikuwa amelea bweni la wasichana mpaka akastaafu, na watu wote, hata mchungaji, walimwita Matroni. Wasichana wa bweni lile waliamka, wakala na kulala kwa kengele hiyo, na yeye hakuona kwa nini mwanawe na mkewe waishi ovyo ovyo eti kwa sababu ni watu wazima.

Msusi alikuwa na saluni ndogo ya nywele, na huko mdomo wake ulikuwa mwepesi. Lakini nyumbani, mbele ya mama wa mumewe, ulimi ulimganda. Heshima ilimbana huku, hasira huku. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa mtu wa amani, yaani kila sauti zilipoanza kupanda alikumbuka kuna friji ya mtu mahali inamsubiri.

Juma la kwanza halijaisha, jiko lilikuwa limepinduliwa. Sufuria zimepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini, miiko imeningʼinizwa, na sukari imekaa kwenye kopo lililokuwa la chumvi, chumvi kwenye lililokuwa la sukari. Msusi hakuambiwa. Alimpikia chai mzee wa kanisa aliyekuja kuwatembelea, akamtilia vijiko vyake vya kawaida, na mzee wa watu akainywa yote kwa adabu, macho yakimlengalenga, kisha akaomba maji, na mengine, na mengine tena.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri kuhusu hekima. Alisema Mungu hamnyimi anayemwomba wala hamsimangi, na kwamba hekima hasa inatakiwa nyumbani, kabla ya chai ya asubuhi. Msusi aliona mahubiri yale yamekatwa na kushonwa kwa vipimo vyake. Kesho yake alipiga magoti kando ya kitanda na kuanza kuomba kwa sauti.

“Bwana,” alisema, “nipe hekima ya kuishi na watu wanaohamisha vitu vya wenzao bila kuuliza.”

Ukuta baina ya chumba chao na cha Matroni ulikuwa wa mbao nyembamba. Upande wa pili mtu alikohoa. Kisha ikasikika sauti iliyozoea kufika mwisho wa bweni.

“Nawe Bwana, wape vijana wa siku hizi moyo wa shukrani. Wanapangiwa jiko lao bure, na bado wananuna.”

Fundi alikuwa kitandani katikati ya sala mbili. Alimwitikia mkewe amina ya chinichini, akamwitikia mama yake nyingine ya juu kidogo ili ivuke ukuta, kisha akajifunika shuka mpaka utosini.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesema jambo na mwenzake moja kwa moja. Yote yalipitia mbinguni. Matroni alimweleza Mungu kuhusu taa ya bafuni iliyoachwa inawaka. Msusi alimwomba Mungu awakumbuke wanaochoka kuamshwa kwa kengele hata siku ya mapumziko. Ikifika sala ya jioni, pale sebuleni, Mungu alipewa maelezo kamili: soksi zilivuliwa wapi, zikalala hapo siku ngapi, na aliyeziokota alikuwa na mgongo unaouma. Fundi alijua soksi ni zake, lakini alifumba macho kwa nguvu zaidi, uso umejaa unyenyekevu.

Mambo yangeweza kwenda hivyo mwaka mzima kama si jirani wa nyumba ya pili. Yeye alisikia sauti tu, maneno hayakumfikia. Alienda akamsimulia mchungaji kwamba amepanga karibu na watakatifu, watu wanaoamka na maombi na kulala na maombi. Jumapili mchungaji akawasimamisha wote watatu mbele ya kanisa zima, akasema familia nyingine zijifunze kwao. Watu walipiga makofi. Msusi alitazama vidole vya miguu yake. Matroni alitazama dari. Fundi peke yake alitabasamu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Makofi yale yalimwasha Msusi mwili mzima. Ibada ilipokwisha alimfuata mchungaji nyuma ya kanisa na kumweleza ukweli, chai ya chumvi ikiwemo. Mchungaji alijitahidi asicheke, akashindwa, akajifuta machozi kwa leso. Kisha akamuuliza hiyo hekima alikuwa akiiomba kwa sauti ya kiasi gani. Msusi akakiri kwamba ni ya kutosha kuvuka ukuta.

“Basi uliyekuwa ukimwomba ni mama mkwe wako,” mchungaji alisema. “Jaribu kuomba mahali ambapo hakuna mwingine wa kukusikia.”

Mahali hapo palikuwa stoo ya saluni, baina ya maboksi ya nywele bandia na ndoo za shampuu. Jumatatu Msusi alijifungia humo na kupiga magoti. “Bwana,” alisema, akakwama. Alishangaa. Sala zote zile ndefu, bila mtu wa kuzisikia upande wa pili, zilikuwa zimekosa utamu. Alikaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi, na maneno yaliyomtoka mwisho hayakuwa mazuri: kwamba hampendi mwanamke yule awe nyumbani mwake, kwamba anaona aibu kutompenda, na kwamba hajui aanzie wapi. Hakusikia jibu lolote. Alisikia mteja anagonga mlango akiuliza kama zamu yake imefika.

Siku chache baadaye, mchana, alirudi nyumbani kuchukua draya aliyoisahau. Alivua viatu mlangoni, akaingia kimyakimya. Kutoka jikoni alisikia sauti ambayo hakuitambua, ndogo na iliyochoka. Matroni alikuwa anaomba, akidhani nyumba ni tupu.

“Bwana, sijui nikae wapi,” alikuwa anasema. “Nikikaa sebuleni naona nimezuia kiti cha mtu. Nikiingia jikoni naharibu. Asubuhi bweni zima lilikuwa linaniita, huyu tumbo linamuuma, huyu haoni shuka lake. Sasa ni sufuria tu zinazonisikiliza. Nikizipanga, zinakaa.”

Msusi alisimama pekupeku. Wazo la kwanza lililomjia, na hakuweza kujidanganya, ni kwamba leo jioni ana silaha mpya. La pili lilikuwa kwamba wazo la kwanza ni la kishetani. La tatu halikuja kama wazo. Miguu yake tu ilirudi nyuma, ikatoka nje, ikavaa viatu, na Msusi akaingia upya kwa kishindo, akiimba wimbo wa kwaya ambao hakuujua vizuri na kuubamiza mlango kwa kiuno.

“Mbona unaingia kama ngʼombe?” Matroni aliuliza. Sauti yake ya bweni ilikuwa imerudi, ila macho bado yalikuwa mekundu.

“Mama, nimekuja kukuomba msaada,” Msusi alisema. “Saluni imenishinda. Wateja wanagombania zamu, kila mmoja anasema yeye ndiye aliyewahi. Mimi mikono yangu imo vichwani mwao, siwezi kuwa polisi pia.”

Hilo lilikuwa kweli tupu, ingawa hakuwahi kufikiri linaweza kuwa kazi ya mtu. Matroni alijibu kwamba umri wake wa kukaa saluni umepita, kwamba ana nguo za kuanika, kwamba wasichana wa mjini hawaambiliki. Alipomaliza kukataa alikuwa ameshajifunga kilemba na ameshika kengele.

Saluni haikuwahi kuona utaratibu kama ule. Kengele ililia, mtu akaingia kitini, kengele ikalia, mtu akatoka. Mama mmoja aliyezoea kuruka zamu kwa kisingizio cha bosi aliwekwa mwisho wa benchi na kuambiwa bosi akimhitaji atamfuata. Aliapa hatarudi. Alirudi baada ya siku mbili, mapema, akakaa pale pale bila kuambiwa. Wasichana wakaanza kubaki hata baada ya kusukwa, kumuuliza Matroni kuhusu wachumba. Yeye alikuwa amefukuza vijana getini nusu ya maisha yake, na alimjua mwongo kwa namna anavyosimama.

Kisha akahamisha vitana.

Msusi alinyoosha mkono kwa mazoea na kushika hewa. Sala ya zamani ikampanda mpaka kooni, ile ya watu wanaohamisha vitu vya wenzao. Aliitazama stoo.

“Mama,” alisema, “naomba vitana vyangu usivihamishe. Mkono wangu unavifuata bila macho.”

Mteja aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa ili asikie vizuri.

“Mbona jikoni hukusema?” Matroni aliuliza.

“Nilikuogopa.”

“Nimelea wasichana wenye vinywa vikali kuliko chako, mwanangu. Niliyekuwa namhofia ni yule anayenyamaza.” Akavirudisha vitana, kimoja kimoja. “Na kwa kuwa tumeanza, mimi pia nina yangu.”

Alikuwa nayo mengi. Msusi naye hakuwa amekaukiwa maneno. Walimaliza la kengele, wakamaliza la sukari, wakamaliza na la namna Msusi anavyokamua nguo. Sauti zilifika barabarani. Fundi, aliyekuwa anapita na mfuko wa vifaa, alizisikia, akageuka taratibu arudi alikotoka, lakini mama yake alimwona kupitia dirisha na kumwita ndani. La zile soksi lilimalizwa pia, kwa jina la mwenye nazo, mbele ya wateja.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya Msusi kuomba. Alimwombea mteja mmoja ambaye mwanawe alikuwa mgonjwa, akamwombea jirani, akashukuru kwa siku, akasema amina. Fundi, aliyekuwa ameinama akisubiri kutajwa, aliendelea kuinama.

Matroni alisema sala ya leo imekuwa fupi mno.

“Mengine nilikwambia mwenyewe kule saluni, Mama,” Msusi alijibu.

Matroni alifikiri kidogo, akakubali kwamba ni kweli, akaomba asogezewe mto wa mgongoni.